Amri kwa Kiswahili, Haki kwa Kiingereza: Kasoro ya Mageuzi ya Utumishi wa Umma Nchini Kenya

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kauli hii inazisadifu barabara ofisi za serikali nchini Kenya. Mlangoni mwa ofisi hizo Kiswahili kimeandikwa kwa herufi kubwa. Vituo vya pamoja vya kuwahudumia wananchi, vilivyoanza kufunguliwa mwaka 2013, vinaitwa Huduma. Programu ya simu iliyozinduliwa mwaka 2023 ilibatizwa Gava Mkononi. Chini ya mabango ya mikataba ya huduma yaliyotundikwa ukutani husomeka maneno haya: Huduma Bora ni Haki Yako. Hata hivyo, mwananchi akishaingia ndani, fomu anayopewa aijaze, barua anayoandikiwa na sababu za ombi lake kukataliwa, aghalabu huwa kwa Kiingereza. Makala haya yanadai kuwa hiyo ndiyo kasoro ambayo zaidi ya miaka 50 ya mageuzi ya utumishi wa umma haijairekebisha, na kwamba wanaofaa kuishughulikia kwanza ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili wenyewe.

Ili hoja hii isielee hewani, na itazamwe kutoka Gakindu, kituo kidogo cha biashara katika Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri, ambako watu huishi kwa kahawa, maziwa na mashamba madogo ya miteremkoni. Uteuzi huu una sababu. Nyeri haikuwa mbali na serikali hata siku moja. Mji wa Nyeri ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kuongoza utumishi wa umma wa Kenya huru, ni mzawa wa Nyeri. Rais Mwai Kibaki, ambaye serikali yake ilianzisha kandarasi za utendakazi, alitoka Othaya, jirani wa Mukurwe-ini. Iwapo lugha ya ofisi imekuwa kikwazo mahali palipowatoa viongozi wa ofisi zenyewe, basi hali ya mfugaji wa Turkana au mkulima wa Tana River haihitaji ushahidi mwingi.

Karatasi za Gakindu

Historia ya serikali katika vijiji vya Nyeri inaweza kusimuliwa kwa karatasi. Ya kwanza ilikuwa kipande. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima alilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, akakining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ya pili ilikuja wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, ambapo Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji vibali vya kusafiri na hati za kuthibitisha utiifu wao kwa serikali. Kukosa karatasi hiyo kulitosha kumtia mtu kizuizini. Ya tatu ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mashamba yalipounganishwa na kusajiliwa, na familia zikaanza kupokea hati miliki.

Karatasi hizi ziliamua nani asafiri, nani afungwe na nani amiliki ardhi, ilhali wengi wa waliozibeba hawakuweza kuzisoma. Ikumbukwe kuwa afisa wa kikoloni alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Alikihitaji barazani, kortini na barabarani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: lete, ngoja, lipa kodi, toa kipande. Sheria iliyompa uwezo wa kuamrisha, pamoja na kumbukumbu za maamuzi yake, zilihifadhiwa kwa Kiingereza. Hivyo basi, mgawanyo wa kazi baina ya lugha hizi mbili ulipangwa mapema. Kiswahili kilitumika kumwambia Mwafrika la kufanya. Kiingereza kilitumika kuandika alichostahili na alichonyimwa.

Uhuru haukuupindua mgawanyo huo. Kitambulisho cha kitaifa cha kizazi cha pili, kilichoanza kutolewa mwaka 1995, kilikuwa na maneno Jamhuri ya Kenya juu kabisa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Yaliyofuata, kutoka jina hadi mahali pa kuzaliwa na sahihi ya mwenyewe, yakaelezwa kwa Kiingereza pekee. Watu wengi wameendelea kukiita kitambulisho hicho kipande. Wakati mwingine lugha ya mtaani hukumbuka jambo ambalo ofisi ingependa lisahauliwe.

Tume baada ya tume

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali ilikaa kitako. Taasisi ya Utawala ya Kenya ilianzishwa Lower Kabete mwaka 1961 ili kuwaandaa Waafrika kushika nafasi za Waingereza. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti kuhusu muundo na mishahara ya watumishi wa umma. Ripoti hiyo inakumbukwa zaidi kwa kuwaruhusu watumishi kufanya biashara zao binafsi wakiwa kazini. Kufikia mwaka 1980, kamati ya Samuel Waruhiu ilikuwa imekwisha kuonya kuhusu madhara ya ruhusa hiyo. Mjadala wa mtumishi mwenye duka mkono mmoja na muhuri mkono wa pili uliendelea kwa miongo kadhaa, hata ikahitajika Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025.

Tarehe 1 Julai 1983 ulianza mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani. Mwaka 1993 ukaanzishwa mpango mkuu wa kuurekebisha utumishi wa umma, kwa msukumo mkubwa wa wafadhili wa kigeni. Wakati huo swali kuu lilikuwa idadi ya watu. Watumishi, waliokuwa takriban 272,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipunguzwa hadi wakawa chini ya 200,000 muongo mmoja baadaye, wengine kwa kustaafu mapema kwa hiari, wengine kwa kuachishwa kazi. Kati ya mwaka 1999 na 2001 Richard Leakey aliuongoza utumishi wa umma akiwa na kikosi cha wataalamu waliotoka katika mashirika ya kimataifa na makampuni binafsi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2002 zikaja Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, kandarasi za utendakazi kuanzia mwaka 2004, na mikataba ya huduma ukutani. Mwaka 2007 mfumo wa kandarasi hizo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 vituo vya Huduma vikapata tuzo kama hiyo.

Kila wimbi la mageuzi lilikuwa na swali lake. Je, watumishi ni Waafrika au Wazungu? Walipwe kiasi gani? Waruhusiwe biashara? Ni wengi kupita kiasi? Wamefikia malengo? Foleni imepungua? Haya yote ni maswali ya maana, na baadhi ya majibu yake yaliifaa nchi. Aliyewahi kupanga foleni kwa siku mbili kutafuta cheti kimoja hawezi kuvibeza vituo vya Huduma. Lakini swali moja halikufanywa nguzo ya wimbi lolote: mwananchi ataandikiwa kwa lugha gani?

Fursa zilikuwepo. Tarehe 4 Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza kwamba Bunge lijadili kwa Kiswahili. Wabunge wakazungumza Kiswahili, huku miswada waliyoijadili ikibaki kwa Kiingereza. Aidha, kwa miaka mingi katika sikukuu za kitaifa, Rais alisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha akaiweka karatasi kando na kuwahutubia wananchi kwa Kiswahili. Kwa hivyo watu walicheka, walipiga makofi na kukemewa kwa Kiswahili. Sera ya mwaka mzima ilikuwa imekwisha kusomwa.

Ufisadi nao una lugha yake

Hapa ndipo wasomi wa lugha wanapopaswa kusikiliza kwa makini. Katika ofisi za Kenya, kuna mambo ambayo mwananchi huambiwa kwa Kiswahili safi. Njoo kesho. Mkubwa hayuko. Faili haionekani. Toa kitu kidogo. Hata methali imetumikishwa: mkono mtupu haulambwi. Msamiati wa kuombea hongo, kuanzia chai hadi kitu kidogo, ni wa Kiswahili, na unaeleweka kutoka Lamu hadi Lodwar bila mkalimani. Upande wa pili, msamiati wa haki, yaani muda ambao ofisi inaruhusiwa kuchukua, ada halali, njia ya kukata rufaa, na jina la afisa wa kulalamikiwa, umewekwa kwa Kiingereza kwenye bango lile lile lenye kaulimbiu ya Kiswahili chini yake.

Matokeo yake ni kwamba raia anaweza kuombwa hongo kwa lugha anayoielewa, lakini hawezi kuthibitisha kwa lugha hiyo kuwa huduma aliyoifuata ilikuwa ya bure. Pengo hilo limezaa biashara. Karibu na ofisi za ardhi na mahakama za miji yetu huwapo watu ambao riziki yao ni kusoma na kujaza fomu za wenzao. Huduma zilipohamia kwenye intaneti, wasomaji hao walihamia kwenye saibakafe. Si ajabu kumkuta kijana akimfungulia mzee akaunti ya serikali, akimwekea nywila na kubaki akiijua yeye. Wengi wa vijana hao ni waaminifu. Hata hivyo, mfumo unaomlazimu mzee kukabidhi siri zake kwa mtu asiyemjua hauwezi kudai kwamba umemwondolea mawakala.

Chukua mfano wa mjane wa Gakindu anayetaka kurithi shamba la marehemu mumewe. Atakwenda kwa chifu apate barua inayowataja warithi. Barua hiyo itapelekwa mahakamani pamoja na fomu na viapo vya Kiingereza. Mahali fulani katika karatasi hizo ataonyeshwa nafasi ya kutia sahihi au kidole gumba. Ikiwa jina la binti yake aliyeolewa limeachwa nje, au ikiwa shemeji ameongezwa asipostahili, mama huyu atalijua hilo kwa hisani ya aliyemsomea. Ardhi inaweza kuondoka mikononi mwake bila mtu yeyote kuvunja kufuli.

Fasihi ya Kiswahili imeyaona haya mapema kuliko ripoti za tume. Tamthilia ya Natala ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 1997, inamsimamisha mwanamke mbele ya chifu kuitetea haki yake. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ya mwaka 2012, inawaonyesha wauguzi wanaompuuza mtoto mchanga mgonjwa hadi anakufa. Waandishi hawa waliitazama ofisi kutoka upande anaosimama mwananchi, na kwa lugha anayoitumia mwananchi. Ripoti za serikali ziliitazama kutoka upande wa kiti cha afisa. Inasikitisha kwamba kazi za kwanza husomwa darasani kama ploti na wahusika, nazo ripoti husomwa na wachumi, pasiwe na anayezikutanisha.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010 haina utata. Ibara ya 7 inakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ibara ya 47 inampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi la habari kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Miongozo ya kandarasi za utendakazi ya miaka ya karibuni nayo imezitaka taasisi kuonyesha mikataba ya huduma kwa lugha zote mbili.

Lakini pana jambo la kustaajabisha zaidi. Ibara ya 49 inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Basi mwizi wa ng'ombe aliyetiwa pingu Mukurwe-ini analindwa kilugha na Katiba kwa uwazi kuliko mwenye ng'ombe anayefuatilia cheti chake ofisini. Hakuna anayetaka mshtakiwa apunguziwe haki hiyo. Kinachotakiwa ni mwananchi asiye na hatia naye afikiriwe vivyo hivyo.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kuwa lugha ya Gakindu ni Kikuyu, kwa hivyo kumwandikia mama yule kwa Kiswahili ni kumwondoa kwenye ugeni mmoja na kumtia katika mwingine. Pingamizi hili lina uzito, na Katiba yenyewe inaitaka serikali iziendeleze lugha za kiasili. Chifu na azungumze Kikuyu barazani, wala asizuiwe. Hata hivyo, maafisa wa utawala nchini Kenya mara nyingi hupelekwa kufanya kazi nje ya maeneo walikozaliwa. Afisa aliyezaliwa Homa Bay au Kwale akitumwa Mukurwe-ini, lugha atakayokutana nayo na mwenyeji wake katikati ni Kiswahili. Mama aliyeishia darasa la saba alifunzwa Kiswahili shuleni, anakisikia redioni na kanisani, na anakitumia sokoni. Akisomewa fomu ya Kiswahili, anaweza kumsahihisha msomaji. Akisomewa ya Kiingereza, atashukuru tu.

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi ya serikali. Tanzania ilikwisha kulijibu hilo. Mnamo Januari 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Dokezo, jalada, masijala na waraka ni maneno yaliyokomaa kwa kutumika mezani kila siku. Hayakungoja kamusi ikamilike kwanza. Hata hivyo, mfano huo nao usitiwe chumvi. Sheria za Tanzania ziliendelea kuandikwa zaidi kwa Kiingereza hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na Mtanzania naye analijua vyema neno njoo kesho. Lugha peke yake haimfanyi karani kuwa mwaminifu. Inachofanya ni kumpa raia uwezo wa kusoma uongo anaoandikiwa, na huo ni mwanzo wa kuukataa.

Kazi iliyopo

Mageuzi yanayopendekezwa hapa hayahitaji tume nyingine. Kwanza, fomu zinazotumika sana na wananchi wa kawaida, yaani za vitambulisho, kuzaliwa na kufa, ardhi, urithi na malipo ya wazee, zitolewe kwa Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, na zote mbili ziwe na nguvu sawa. Pili, Chuo cha Serikali cha Kenya, kilichochukua nafasi ya ile taasisi ya Lower Kabete, kifunze na kutahini uandishi wa Kiswahili cha ofisi. Itakuwa aibu ikiwa afisa wa Kenya huru atatakiwa kujua Kiswahili kidogo kuliko alivyotakiwa mkoloni. Tatu, barua yoyote inayomnyima mtu jambo imweleze sababu kwa Kiswahili endapo ataomba hivyo. Sababu isiyoeleweka haitofautiani na kutopewa sababu.

Kwa upande wao, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina deni. Kwa miaka mingi makongamano yetu yamepitisha maazimio ya kuisihi serikali ikikuze Kiswahili. Maazimio hayo ni mema, lakini ombi lisiloambatana na kazi husahaulika upesi. Kila tawi linaweza kuchukua ofisi moja iliyo karibu nalo, likakusanya fomu zake, likaziandika upya kwa Kiswahili chepesi, kisha likazijaribu kwa watu wanaozitumia. Jaribio lenyewe si gumu. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wakulima wa Gakindu, na kila mahali msikilizaji atakapouliza maana, neno hilo libadilishwe. Wanachama watagundua haraka kuwa Kiswahili cha makongamano, chenye istilahi nzito, kinaweza kumfungia mwananchi mlango kama kilivyofanya Kiingereza. Tasnifu ya uzamili juu ya fomu ya urithi inayoeleweka ingekuwa na faida sawa na tasnifu yoyote ya uhakiki, na huenda ikasomwa na watu wengi zaidi.

Serikali ya Kenya imekwisha kupima mageuzi yake kwa idadi ya watumishi, kwa malengo na kwa tuzo. Kibaki kipimo kimoja cha bei nafuu. Mjane wa Gakindu apokee barua kutoka ofisi ya ardhi, aketi nayo kibarazani, aisome mwenyewe, ajue amenyimwa nini, kwa nini, na akamlalamikie nani. Siku barua hiyo itakapoandikwa, mwandishi wake atahitaji maneno yaliyo tayari. Kuyatayarisha ni wajibu wa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, na kazi hiyo inaweza kuanza muhula huu.